Nani Anapunguza Besi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wake umetulia. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Binti yetu ameanza shule na amekuandikia herufi zake huko nyuma ya karatasi. Ukiweza kuzisoma utuambie, maana sisi zimetushinda.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga. Simu yako siku hizi mbovu, dada. Juzi ulikuwa kama unaongea ukiwa ndani ya pipa. Na jambo lenyewe nataka ulielewe vizuri, ndiyo maana nimekaa hapa kazini kwenye rundo la mbao, wakati wa mapumziko, kabla msumeno haujawashwa tena.

Ni ile amplifaya ya besi uliyonitengenezea. Kila Jumapili mchana bendi tatu tunapiga kwenye ukumbi wa chama cha ushirika. Hakuna bendi yenye vyombo vyote, kwa hiyo tulikubaliana kuazimana: sisi tunaleta amplifaya, bendi ya pili inaleta dramu, ya tatu inaleta maikrofoni na waya zake. Bendi ikishuka nyingine inapanda, vyombo vinabaki pale pale jukwaani. Mwaka mzima mpango huu haujaleta neno.

Sasa kuna mtu ananichezea. Mimi ndiye ninayeipanga amplifaya asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Bendi yenye dramu hupiga kwanza. Mpiga besi wao ni yule mfupi tunayemwita Mashoto, kwa sababu anapigia mkono wa kushoto. Wakishuka, tukipanda sisi, nakuta sauti imeshushwa. Si mara moja, ni kila Jumapili. Na hata nikiipandisha, besi yangu inatoka nyonge, kama inapigwa chumba cha pili.

Wewe ndiye fundi. Niambie: mtu anaweza kuifanya nini amplifaya ili ipoteze nguvu bila kuonekana ameigusa? Mashoto anacheka na kila mtu na kusaidia kila mtu kubeba vitu. Mtu wa hivyo mimi simwelewi.

Mdogo wako

---

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, na herufi za binti yako nimezisoma zote: anasema hapendi uji. Shemeji yako mgongo bado, lakini anajua kuusahau mpira ukianza kwenye televisheni.

Nimecheka kidogo, kisha nikaacha. Miaka ishirini na miwili nimekaa nyuma ya hii meza ya redio na spika, na sijapata mteja hata mmoja aliyeniambia, "Nimeharibu mwenyewe." Wote wanasema haijaguswa. Nikifungua nakuta mchele, nakuta pini ya nywele, siku moja nilikuta jino. Kwa hiyo sikulaumu kwa kushuku. Kazi yangu imenifundisha kushuku mpaka ndugu.

Lakini kushuku bila kupima ni kupoteza usingizi bure. Chukua penseli, uweke alama ndogo pembeni ya kila kitufe, pale ulipokiacha. Usimwambie mtu. Kisha nijibu haya: je, besi inatoka nyonge kwako tu, au na wenzako wanasema hivyo? Inakwaruza? Fyuzi inaungua? Na huyo Mashoto, umewahi kumuuliza kwa maneno ya kawaida, kama mtu anavyomuuliza mwenzake?

Simu yangu ni nzima, nilimpigia mama mkwe jana tukaongea saa nzima. Labda ni yako.

Dada yako

---

2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi wazima, ingawa mambo si mazuri.

Alama zako zimesema. Jumapili ya kwanza kitufe cha sauti kilikuwa kimerudishwa nyuma karibu nusu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilijificha nyuma ya pazia la ukumbi nikamwona kwa macho yangu: Mashoto alimaliza wimbo wao wa mwisho, akaweka gitaa lake kwenye mfuko, akainama, akazungusha. Hakuangalia huku wala huku. Mtu aliyezoea.

Nikatoka nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Ilikuwa kubwa mno, kaka." Nikamwambia hiyo ni amplifaya yangu. Akajibu kitu kwa ile sauti yake ya chini, sikukipata, na wenzake wakatazamana. Siku hizi wote wako hivyo. Nikiingia chumba cha nyuma wananong'ona. Hata wa bendi yangu. Mpiga solo wetu, niliyesoma naye, anaongea huku amegeuka, kama hataki nijue anachosema.

Wiki iliyofuata fyuzi iliungua mara mbili kabla ya saa nane. Jumapili iliyopita, katikati ya wimbo wetu wa tatu, amplifaya ilitoa moshi ikanyamaza. Watu walisimama wakidhani ni moto. Nilibaki nimeshika gitaa kama mtu aliyeshika fagio.

Likaitishwa baraza la bendi zote. Nilisema yote: alama, pazia, fyuzi. Mashoto alikiri kuzungusha kitufe, akakataa mengine. Viongozi wakasema anayegusa cha watu bila ruhusa hafai kuaminiwa na cha watu. Bendi yao imeondolewa ukumbini. Walipakia dramu zao mchana kweupe, watu wakiangalia. Anayepiga dramu ni mama mmoja mshona nguo, mtu mzima, hakunitazama. Nilijisikia nimeshinda, kusema kweli.

Amplifaya nimeituma kwa basi la Alhamisi. Ifungue uniambie alichokifanya. Nataka kwa maandishi, niwasomee.

Mdogo wako

---

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo huku. Mzigo ulifika salama.

Nimeufungua juzi, nikaufunga, nikaufungua tena leo ili niwe na hakika. Nitakuandikia nilichokiona bila kuongeza.

Koili ya spika, ule waya uliozungushwa ndani yake, imeungua. Si ya kuungua siku moja. Imebadilika rangi taratibu, kama sufuria inayopikiwa kila siku. Hiyo inatokana na sauti kubwa kupita uwezo wake, wiki baada ya wiki. Mtu anayepunguza sauti hawezi kuunguza spika hivyo. Anayepandisha ndiye anayeiunguza.

La pili. Mahali pa fyuzi hapana fyuzi. Pana waya wa shaba. Ndiyo sababu umeme haukukatika, ukapanda hadi ndani. Na huo waya umesokotwa mara mbili kushoto, kisha ukakunjwa kitanzi kidogo mwishoni, jinsi baba alivyotufundisha kufunga waya wa taa za uani. Sijaona mtu mwingine akifunga hivyo, ila mimi na wewe.

Sitaki kukisia. Nakuuliza tu: nani aliweka waya huu?

Nijibu upesi, maana kuna bendi nzima imetolewa.

Dada yako

---

24 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mzima. Wiki tano sijapata neno lako. Nilidhani barua imepotea, nikapiga simu. Wifi akapokea. Alisema upo, umekaa sebuleni, barua yangu iko mfukoni mwa koti lako la kazi. Nikamsikia akikuita. Akakuita mara ya pili. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka mimi huku nikaiweka simu mbali na sikio. Kisha akarudi akasema, "Wifi, tuache tu."

Nikamwomba asiache. Akaniambia. Kwamba mtoto siku hizi hakuiti, anakuja kukuvuta shati. Kwamba jirani amekuja mara mbili kuomba redio ipunguzwe, na wewe ukasema anakuonea wivu. Kwamba mkila unamtazama mdomo.

Besi yako si nyonge, mdogo wangu. Huisikii. Mashoto alikuwa anairudisha mahali pake, na wewe unaipandisha ili ikufikie, na fyuzi ilipokuwa inafanya kazi yake ukaitoa.

Unakumbuka baba. Miaka kumi na minne kwenye msumeno ule ule unaousimamia wewe. Sisi tulichapwa kwa kunong'ona, na hatukuwa tunanong'ona. Alivunja urafiki na mwenzake wa kazini kwa sababu aliamini anamteta mbele ya uso wake. Yule mzee alikuja kwenye mazishi akasimama nje ya uzio. Mimi ndiye niliyempelekea kiti. Aliniuliza alimkosea nini baba yetu.

Nenda hospitali upimwe masikio. Kisha nenda kwa viongozi wa bendi useme habari ya waya. Kama utaanza na la pili, sawa pia.

Sikuandiki hivi kwa hasira.

Dada yako

---

3 Juni

Dada,

Shikamoo.

Masikio yangu hayana shida. Nasikia msumeno ukianza kupoteza makali kabla ya msimamizi.

Sikujua kwamba wewe na wifi yako mna vikao vyenu juu yangu. Ningependa kujua vilianza lini, na nani mwingine amealikwa. Mashoto naye, labda.

Waya niliuweka kwa sababu fyuzi zilikuwa zinaungua, na zilikuwa zinaungua kwa sababu kuna mtu alikuwa anaharibu. Hilo linajulikana.

Nirudishie amplifaya yangu ilivyo.

Mdogo wako

---

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Amplifaya imepanda basi la leo. Nimeweka spika mpya na fyuzi ya kiwango chake. Usipoipenda, itoe, unajua namna.

Waya wako nimeuweka kwenye bahasha hii. Ni mali yako, sina haki ya kukaa nayo.

Dada yako

---

30 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba hujanichoka. Wifi yako anakusalimu, na binti yetu ameandika jina lako zima, usiangalie herufi iliyogeuka.

Barua yako ya mwisho niliifungulia kazini. Waya ulidondoka kwenye vumbi la mbao. Niliutafuta kwa magoti, mbele ya watu, na nilipoupata nilikaa nao pale chini. Msimamizi alikuja nyuma yangu. Baadaye nilielezwa kwamba aliniita mara nne na gari la magogo lilikuwa linarudi nyuma kuelekea nilipo. Mimi nilijua kuna mtu aliponishika kola akanivuta. Gurudumu lilipita mahali nilipokuwa nimeweka mkono.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda hospitali na nguo za kazi. Waliniweka kwenye chumba kidogo, wakanivisha vitu masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Upande wa kulia nilikaa nikisubiri mlio uanze. Mhudumu akafungua mlango akasema tumemaliza.

Sikio la kulia limekwenda, dada. La kushoto limebaki nusu. Halitarudi, lakini daktari anasema nusu hiyo inaweza kukaa nikiitunza. Sasa nafanya kazi upande wa kupanga mbao, mbali na msumeno, na kwenye muziki navaa vizibo vya masikio.

Viongozi niliwaendea wiki ile ile. Nilitaka kuandika, kisha nikaona nimeandika vya kutosha. Niliomba baraza liitishwe na bendi ya Mashoto iwepo. Nikauweka ule waya mezani nikasema, "Huu niliuweka mimi. Mashoto alikuwa ananiokolea spika, nikamtoa kama mwizi." Sikusikia walichosema wengi wao. Mpiga solo wetu alinisogelea upande wa kushoto akayarudia maneno yao moja moja, pamoja na yale mabaya. Nilimwomba asiruke lolote.

Nilimuuliza Mashoto kwa nini hakunieleza tangu mwanzo. Akaniangalia usoni, akasema polepole ili nimfuate, "Ningekuambia husikii, ungesema nataka nafasi yako." Ni kweli. Ndivyo ningesema.

Wamerudi ukumbini. Lakini usidhani tumekumbatiana. Jumapili ya kwanza mama mshona nguo alikuja na tochi, akaipindua amplifaya yangu, akakagua nyuma, akaomba afunguliwe mahali pa fyuzi aone kwa macho yake. Dramu zake kwetu haziachi bila mtu wa kuzilinda, na mtu huyo hukaa akinitazama mimi. Nilisimama kando nikangoja amalize. 

Nilitaka kuacha kupiga. Wenzangu wakakataa, wakasema besi naiweza kwa vidole, tatizo ni kujua ukubwa wake tu. Mtu mwenye kuujua ni mmoja. Kwa hiyo sasa, zamu yetu ikifika, Mashoto anasimama chini, karibu na nguzo ya pili. Akishusha kiganja napunguza, akikiinua naongeza. Mimi sina njia ya kujua kama anapima kwa haki. Nimelifikiria sana hilo, unanijua. Kuna wimbo wetu mmoja, ule wa polepole, ambao nahisi kabisa ananishusha kupita kiasi, na kila Jumapili nikiufikia moyo unaniambia analipiza kisasi.

Anashusha kiganja. Nashusha.

Mdogo wako