Fidia ya Mkono Wangu

Jumatatu, 1 Septemba
Mazoezi ya vidole, kama kila siku. Kukunja, kukunjua. Viwili vya mkono wa kulia bado havikunjiki. Kisha Tunguu, mahakamani. Wenye duka wamekata rufaa, eti fidia nlopewa nyingi mno. Mlango wao wa kioo ndio ulonikata mishipa pale Mlandege, hilo hawabishi. Wanabisha kiasi. Jaji kasema hakimu wa mwanzo kaingiwa na huruma, hakupiga hesabu. Kanipa njia mbili: nikubali nusu, au fidia isikilizwe upya. Hiari ya kuamua hivyo jaji anayo, nshasoma sheria mwenyewe kwenye simu. Sikuhisi kitu.

Jumatano, 3 Septemba
Nataka isikilizwe upya. Nlikuwa nachora maharusi piko, maua meusi ya mikono na miguu, wakinigombania. Wakili wangu kauliza risiti za kuonesha pato langu. Nkacheka. Nani anampa mchora piko risiti? Napewa bahasha, doti ya kanga, siku nyengine sinia la biriani.
"Basi walete hao maharusi waseme."

Alkhamisi, 4 Septemba
Nmewapigia simu maharusi mchana kutwa. Wa Kidichi, mumewe hataki asimame mahakamani. Mwengine hakupokea. Raya, nlomchora mwaka juzi na homa yangu: "Shoga, ntakuombea dua."
"Jaji hapokei dua, Raya."
Kacheka. Mimi hata kidogo.

Jumamosi, 6 Septemba
Mdomo wangu umeniponza. Nmemwambia wakili kwamba kazi zangu zote nlizipiga picha, zimo kwenye simu. Karuka kwenye kiti.
"Sasa ulikuwa unangoja nini, bibi we? Huo ndio ushahidi. Na nyuso hazionekani."
Nyuso hazionekani. Miguu inaonekana, mpaka mapajani. Na kila bibi harusi nlimwahidi: hii naiona mimi tu. Zikiingia kwenye jalada, watazipekua makarani, wakili wa duka, kila mwanamme mwenye macho. Nawachukia hao maharusi. Wangekuja wenyewe tusingefika huku.
Sikumpa simu.

Jumanne, 9 Septemba
Nmemwambia wakili nachukua nusu. Kauliza kwa nini, na kesi tungeshinda. Nkasema nmechoka. Kweli pia. Nkasaini kwa kushoto.
Nyumbani, mama yuko barazani.
"Ushakubali?"
"Nshakubali."
Kachukua chungwa, kanimenyea, kanitolea na kokwa. Nkala lote.