Glasi Yenye Ndege Mnene

Mdogo wangu,

Mama amesema asubuhi hii kwamba Baba amekuchorea glasi. Nimeiona kwa macho yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kila mmoja wetu ana glasi yenye alama yake, ambayo Mama huichora jikoni kwa asidi inayokula kioo. Yako ilivunjika wiki ile ulipokikataa cherehani cha Baba ukaondoka, naye akakataza kuchora nyingine. Jana alivaa glavu za Mama, akafungua madirisha, akabandika plastiki kwenye glasi na kukata tundu lenye umbo la ndege, alama yako. Lakini fundi nguo ni fundi nguo: aliongeza nafasi ya mshono pande zote. Asidi ilipooshwa, ndege alitokea mnene kama bata.

"Mzee, huyu hataruka," Mama akamwambia.

"Nani kamwambia aruke? Aje ale."

Akaiweka rafuni, kando ya yake. Samahani hakuitamka, nawe usiisubiri. Kifua bado kinamsumbua.

Jumapili tunakula saa saba mchana. Nitakupokea stendi saa sita.

Dada yako