Mama, Sasa Nafundisha kwa Sauti Ndogo

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna anayesubiri salamu, lakini ulivyonilea siwezi kukuandikia neno kabla sijakuamkia.

Habari kubwa nakupa mwanzoni kabisa: sauti yangu imekwisha. Si ya mafua, ile uliyokuwa ukiitibu kwa tangawizi na kunifunga kanga shingoni. Hii ilianza kwa kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya somo, na mwishowe nikawa nikiita mahudhurio, watoto wa nyuma wanaulizana nimemtaja nani. Daktari wa mjini alinimulika kooni akasema kuna vinundu, vimeota kwa sababu ya miaka ya kupaza sauti. Aliniambia nisipige kelele, na kunong'ona pia niache. Nikamwuliza sasa mwalimu afanyeje kazi. Akacheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki.

Mwalimu Mkuu alinisikiliza kwa upole. Alisema tuangalie hadi mwisho wa muhula, na sauti isiporudi ataniombea uhamisho niende halmashauri, ofisini, nikapange mafaili. Alidhani ananionea huruma. Mimi nilitoka pale bila kumshukuru. Wewe ungenielewa, Mama. Ulistaafu ukiwa na keki na mashuka mawili ya zawadi, na wiki iliyofuata ukaonekana umesimama nje ya dirisha la darasa lako, eti unapita tu.

Nilikuwaza sana siku zile. Sauti yako ilivuka uwanja, ikavuka migomba, ikafika kwa majirani, na wachuma kahawa walijifunza jedwali la saba bila kupenda. Mvua ya huku mlimani ikipiga bati, walimu wengine waliwaambia watoto walaze vichwa juu ya madawati wasubiri ipite. Wewe ulishindana nayo. Mimi nilikuwa dawati la mbele, mwanao na mwanafunzi wako, nikiona mishipa ya shingo imekutoka, nikijivunia kana kwamba napigana mimi.

Lakini nilikumbuka pia redio yako. Asubuhi za kipindi cha shule redioni ulianika betri juani zipate nguvu, kisha tunateremka njia ya mfereji, wewe na redio kwenye kanga, mimi na betri mfukoni. Wenzako walisema umechoka kufundisha, umewaachia watu wa Dar es Salaam darasa lako. Nilikuuliza kama ni kweli. Ukaniambia, "Redio inajua kusema. Haimwoni aliyesinzia. Mimi namwona." Na kweli, ikisema tu, wewe ulikuwa ukizunguka kati ya madawati, unamgusa huyu bega, unamwonyesha yule ukurasa.

Sasa nikuchekeshe. Serikali ilitugawia walimu vishikwambi, ni kama simu lakini vipana kama sahani ya wali. Changu nilikifunga kwa kitenge nikakiweka kabatini, pamoja na vile vikombe vyako vya wageni. Niliogopa kitapasuka. Kishikwambi kilikaa humo kizima na hakikumfundisha mtu chochote, sawasawa na vikombe, ambavyo hadi unaondoka hatujawahi kuona mgeni aliyevistahili.

Aliyenitoa huko ni Nasra, mwalimu wa darasa la sita. Amekulia mtaa wa Daraja Mbili kule mjini, baba yake ana duka la vyombo, na kwa maneno yake hawezi kuvumilia bidhaa inayokaa kwenye rafu. Alikuja nyumbani kuniona, nikamwonyesha kabati.

"Dada, hiki unakitunzia nani?" akaniuliza.

"Cha serikali," nikamwambia.

"Na watoto je, ni wa nani?"

Basi tukakubaliana. Jioni nilikaa jikoni, nikarekodi somo kwenye kishikwambi kwa sauti ya chini, sentensi chache, napumzika, nakunywa maji ya uvuguvugu, naendelea. Nasra akaninunulia spika, ile ndogo yenye mkanda ambayo wamachinga huvaa begani, pamoja na kipaza sauti chake. Akaniambia niitie chaji, nihamishie somo kwenye kadi yake ndogo, nibonyeze kitufe cha kijani.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa la nne, watoto zaidi ya themanini, kimya kabisa kwa kunihurumia. Nikabonyeza. Spika ikanguruma kwa sauti ya mwanamume: "Panya! Mende! Kunguni na viroboto! Mama njoo, baba njoo, walale wao, ulale wewe!" Lilikuwa tangazo la dawa ya wadudu, muuzaji aliliacha ndani ya spika alipoijaribu, na hakuna aliyefikiria kulifuta. Kitufe cha kuzima sikukijua, Mama. Kunguni walitangazwa mpaka ofisini. Watoto walicheka hadi wengine wakashuka kwenye madawati, na mimi, ambaye sikuwa nimecheka tangu kwa daktari, nilicheka bila sauti mpaka machozi yakanitoka. Hadi leo darasa la tano wananiita Mama Dawa wakidhani sisikii.

Siku ya pili somo likatoka vizuri. Nilijisikia nikieleza kugawanya kwa njia ndefu, na mikono yangu haikuwa na kazi. Nifanye nini sasa? Nikafanya ulivyofanya wewe. Nikaanza kuzunguka.

Pale nyuma, karibu na ukuta, anakaa Naserian. Nyumbani kwao wanasema Kimaasai, na kwenye ripoti zake walimu tumekuwa tukiandika "mkimya, aongeze bidii." Nilipita nyuma yake spika ikiuliza swali, nikamsikia akijibu. Alijibu sawa. Swali la pili akajibu tena, kwa sauti ya kumwambia dawati lake tu. Nikachuchumaa pembeni yake, akashtuka akanyamaza. Siku hizo mimi na yeye tulikuwa na sauti zinazolingana. Nikamwuliza taratibu tangu lini anajua. Akasema, "Siku zote, mwalimu. Ila sauti haifiki."

Nilimpa kipaza sauti. Alikishika kama anayeshika yai, akasema jibu, na jibu likatoka begani kwangu, kubwa, darasa zima likageuka. Alitabasamu, akafunika mdomo kwa kiganja. Tangu siku hiyo kipaza sauti hakikai kwangu. Kinazunguka dawati kwa dawati, na nimewajua watoto ambao nimewaita majina mwaka mzima bila kuwasikia.

Sitaki kukudanganya kwamba mashine zimetuokoa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi spika ni kopo tu. Kuna mwenzetu mmoja huwashia watoto video kisha anaenda zake kunywa chai, na nikimwona natamani ungekuwepo umwambie wewe, maana mimi sina sauti ya kugombana. Mvua kubwa bado inatushinda wote, spika na mimi. Siku hizo naandika ubaoni tu, na chaki haijanitupa.

Daktari ameniona tena. Vinundu vimepungua, lakini alisema wazi kwamba sauti niliyokuwa nayo haitarudi. Nililia, Mama, kwenye benchi la hospitali mbele za watu. Nilitamani sana kuwa na sauti yako mpaka uzeeni, iwe urithi wangu kutoka kwako.

Wiki hii, ya mwisho wa muhula, Mwalimu Mkuu akaja darasani bila kubisha hodi. Nilijua amefuata nini. Mimi nilikuwa nimechuchumaa safu ya tatu, namsaidia mtoto kuteremsha tarakimu, na kwa mlangoni sionekani. Watoto wakasimama, "Shikamoo Mwalimu Mkuu!" Akaitikia, akatazama meza yangu tupu, akatazama ubao, akauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Nikajaribu kusema nipo. Sauti haikutoka.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Naserian, ndiyo ilikuwa zamu yake. Akakisogeza mdomoni, akasema bila haraka, darasa zima na nje ya madirisha wakasikia:

"Yupo huku kwetu. Anafundisha."

Mwalimu Mkuu alinyoosha shingo akaniona safu ya tatu. Kisha akasogea dawati la nyuma, akamwomba mtoto nafasi, akakaa hadi kengele. Alipotoka alinishika mkono, hakutaja halmashauri wala mafaili. Aliniuliza tu kama spika kama ile zinapatikana nyingine.

Mama, Januari nina darasa.

Pumzika kwa amani. Naishia hapa, kuna somo la kesho sijalirekodi.

Kitindamimba wako