Mbuzi Asifungwe Kwetu

Machakos,
Jumatano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini goti limetulia tangu uanze dawa mpya, na kwamba pojo zimevunwa kabla mvua haijaziharibu. Mimi ni mzima wa mwili, na chumba changu bado hakivuji.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Wewe simu huiweka sauti kubwa, na jikoni kwako hakukosi mtu wa kuchambua mboga huku akisikiliza. Haya nataka uyasome peke yako kwanza.

Mjomba Bonface alinipigia jana. Alisema Jumapili baada ya ibada wazee watatu watakuja kwako pamoja na Bwana Kiema, na kwamba wataleta mbuzi ili mambo madogo ya ofisini yaishie nyumbani. Akaniambia niache kichwa kigumu, maana Bwana Kiema ndiye aliyenitafutia kazi. Mwaitu, naomba usimpokee mbuzi huyo. Najua ninaomba jambo zito. Wewe mwenyewe ulimpelekea kuku wa shukrani nilipoajiriwa ukarani, na kanisani mnakaa benchi zinazofuatana. Ndiyo maana nakueleza yote, na utajua pia kwa nini nilikwepa kila ulipouliza kama mdogo wangu Kamene anaweza kuja kufanya mafunzo ya kazi ofisini kwetu.

Miezi mitatu iliyopita nilianza kujifunza kujilinda, pamoja na wanawake wengine, kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa karibu na soko. Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza ninajilinda na nani. Anayetufundisha anaitwa Peris. Zamani alikuwa askari wa magereza, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza nilifika na sketi ya kazini na kalamu mfukoni, akaniuliza kama nimetumwa kuhesabu watu.

Alinipanga na mama mmoja muuza mitumba, Mukai, mwenye mikono kama ya mchimba visima. Nilitakiwa kuusukuma mkono wake na kupaza sauti. Niliusukuma nikamwambia samahani. Mukai alicheka mpaka akakaa sakafuni, akasema wezi wa soko wakisikia adabu hiyo watamrudishia hata nguo walizomwibia mwaka jana. Nikajaribu tena, samahani ikatoka tena. Peris hakucheka. Aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Nilifikiri sana, nikamjibu kwamba ni nyumbani, nikifukuza tumbili kwenye mahindi yako. Akasema Jumamosi ijayo nije na sauti hiyo, ile ya karani niiache ofisini.

Tulifundishwa kwamba ukishikwa mkono usivute tu. Ugeuze upande wa kidole gumba cha aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, kisha ukimbilie penye watu. Tulifundishwa pia kwamba mtu akiganda asiweze hata kufungua mdomo, kosa si lake, ni la aliyemshika. Hilo Peris alilirudia kila wiki. Halafu siku moja akatuuliza: wewe uliye chumba cha pili, unayesikia, utafanya nini? Gonga mlango, alisema. Ita jina. Ingia na swali lolote la kipuuzi. Siku hiyo nilitoka kabla ya somo kwisha, nikasingizia tumbo.

Ofisi yetu ni ya wapima ardhi, na nyuma kuna stoo ya faili. Faili za zamani ziko rafu za juu. Bwana Kiema, kwa kuwa ndiye karani mkuu, aliweka utaratibu kwamba karani wa kike akipanda ngazi, yeye ndiye wa kuishika ili binti wa watu asianguke. Bosi alimsifu kwa uangalifu. Sisi wasichana tuliijua ngazi ile. Kila mmoja alianza kuvaa suruali siku za kutafuta faili, na hakuna aliyemweleza mwenzake kwa nini.

Jumanne ya wiki iliyopita, mchana, aliniagiza faili. Nilimwambia leo sihitaji kushikiwa ngazi. Akanifuata, akafunga mlango, akasema ni kwa ajili ya vumbi. Akaniuliza kama nimesahau aliyenitoa kijijini kwetu Masii. Kisha akanishika mkono, na mkono wake wa pili akauweka mahali ambapo sitapaandika kwa mama yangu.

Kwanza niliganda. Halafu mkono wangu ukageuka wenyewe upande wa gumba lake, na sauti ikatoka. Haikuwa ya Kiswahili wala ya karani. Ilikuwa ile ya shambani, kwa Kikamba, pamoja na jina lake lote. Wateja walisimama kwenye benchi. Nilipofungua mlango nilimkuta Mutanu wa mapokezi ameinua stepla, tayari kumpiga nayo yeyote atakayetokea. Bwana Kiema alijaribu kucheka, akasema msichana ameona panya. Mzee mmoja aliyekuja kuulizia mpaka wa shamba akamjibu kwamba amelima miaka hamsini na hajawahi kukutana na panya anayeitwa Kiema.

Peris na Mutanu walinisindikiza kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Afisa wa kike aliandika taarifa yangu bila kuniharakisha. Bosi amemwambia Bwana Kiema akae nyumbani uchunguzi ukiendelea, na funguo za stoo sasa anazo Mutanu. Ndipo wazee wakaanza kutafuta mbuzi.

Sasa lile lililonishinda kusema kwa muda mrefu. Si mimi wa kwanza, Mwaitu. Mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi wa mafunzo, Nzisa, wa umri wa Kamene. Meza yangu imeegemea ukuta wa stoo. Alasiri moja nilimsikia ndani akisema, mzee, tafadhali. Akasema mara mbili. Nilikuwa napiga barua mihuri. Nilianza kuipiga kwa nguvu zaidi ili nisisikie, na barua zilipokwisha nikazirudia zilezile. Nzisa hakumaliza mwezi. Ilisemwa hana nidhamu, na barua ya kumwondoa niliichapa mimi.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kithimani, anakosuka nywele katika saluni ya shangazi yake. Nilimweleza yote. Hakuniangalia, aliendelea kumsuka mteja mpaka akamaliza. Ndipo akaniambia alijua nilikuwepo, kwa sababu alisikia muhuri. Baadaye akauliza kama nitakubali kuyasema hayo polisi, hata la muhuri. Nilikubali. Akasema basi atakuja Jumatatu naye aandike taarifa yake.

Mbuzi akifungwa bomani kwetu Jumapili, Bwana Kiema atafika kituoni akisema mambo yamekwisha kwa wazee, na naogopa Nzisa akisikia hivyo atafika mlangoni pa kituo arudi bila kuandika. Najua watu watasema umelea binti asiye na shukrani. Wazee wakija, wape chai, maana hakuna atokaye kwako bila chai. Waambie mwanao ameshaandika, na yupo mtoto wa mwingine ambaye bado hajaandika. Ukishindwa kusema mbele yao, toka tu nje umgeuze mbuzi aelekee njia ya kurudi. Wataelewa.

Na hata ukimpokea, sitaiondoa taarifa yangu. Si rahisi kukuandikia hili, lakini nimeliandika.

Ukimaliza, mpe Kamene naye asome. Nisalimie Mjomba bila hasira, na majirani wote. Niombee Jumatatu saa tatu asubuhi, nitakapokuwa nimeketi kando ya Nzisa.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mumbua