Mlango wa Mwalimu

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwangua rangi ya mlango wa gari la Mwalimu. Lo! Chini ya rangi ni pati tupu, ile ya kuzibia mashimo, na chini ya pati kutu imelila bati la chini lote. Nimeikata sehemu hiyo, nitaunga kipande kipya. Gari la zamani hivi, mlango mwingine haupatikani popote. Nikiupinda huu, basi tena. Sitaupinda. Kwa bati jembamba, nani kama mimi?

Tatizo ni moja. Mwalimu anataka achomelee Mjomba mwenyewe, fundi mwenye gereji, si mtu mwingine. Na Mjomba kaitikia! Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Siku hizi ananitambua kwa sauti.

Jumanne, 7 Mei

Tone moja la kuchomelea huku, tone moja kule, kisha kiganja juu ya bati. Likinichoma, nangoja. Ukilikimbiza linabenuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikingoja ndipo naandika. Haraka haraka haina baraka — aliyesema hivyo alikuwa mchomeleaji, naapa!

Mjomba kakaa kwenye ndoo, anasikiliza. "Punguza moto, mama." Nikapunguza. Masikio yale!

Alhamisi, 9 Mei

Mwalimu kaja bila taarifa. Kapitisha kidole palipokwisha kuungwa atafute kiungo, hakukipata. Raha niliyoisikia! Kisha akamgeukia Mjomba: mkono wako haujazeeka, fundi. Mjomba akacheka, akapokea sifa zote, hata chembe hakunibakizia. Nilikasirika!

Mgeni alipoondoka nikamwuliza, mimi ni nani humu gereji? Kasema, wakijua haoni, nani ataleta gari tena? Wataniletea mimi, nikamwambia.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi nimechomelea, zimebaki inchi mbili tu. Mara Mwalimu huyo, kajivutia kiti — leo anataka kumwona fundi kazini. Mjomba kavaa kofia ya kuchomelea, kachuchumaa, kashika mashine. Ncha iko vidole viwili juu ya mstari wa kiungo, kwenye bati zima! Angewasha tu, angelitoboa.

"Ngoja, Mjomba, bati bado la moto."

Uongo. Limepoa zamani. Nimekuja mezani, najifanya naandika vipimo. Mwalimu kauliza, bado tu?

Mjomba kaweka kiganja juu ya bati. Kakiacha hapo, muda mrefu. Kisha kainuka, kapapasa ukuta mpaka kwangu, kavua kofia, kaiweka hapa kando ya daftari.

Mwalimu anamtazama yeye, ananitazama mimi.

Nikiivaa kofia tu, Mwalimu atajua yote. Sasa nangoja nini mimi?