Yule Uliyemwita Mpishi

Pasiansi,
Mwanza.
18 Mei 2025

Mdogo wangu mpendwa Mayala,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi yangu Winnie na wanangu wawili. Vipi kifua cha yule mdogo, bado kinambana? Sisi huku hatujambo. Mahindi ya Misungwi mwaka huu yamekubali. Mama goti la kushoto linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anasahau. Binti yangu Rose yuko darasa la tano na ameanza kunisahihisha Kiingereza, mimi mwalimu mzima.

Najua umepiga simu mara nyingi tangu Jumapili iliyopita. Nilikuwa naiona ikiita, naiacha. Simu ungeikata pale usipopapenda. Barua utaisoma hadi mwisho, kisha utairudia. Ndiyo maana nampa Teodora, yule jirani yetu anayefanya kazi huko, aondoke nayo Alhamisi akukabidhi mkononi.

Kwanza asante kwa safari ya Desemba, maana sikukushukuru vizuri. Ulitukatia tiketi mimi, mama na Rose, ukatupokea Dubai kwa maua, ukatupeleka kuona jangwa. Mama akauliza ng'ombe wa huku wanakula nini, tukacheka hadi machozi. Siku mbili zile nilijivunia kuzaliwa tumbo moja nawe.

Siku ya tatu tulikwenda ufukweni pamoja na bosi wako Rahim, mkewe Bushra na watoto wao. Winnie alibaki nyumbani na mtoto aliyekuwa anabanwa kifua. Mama hakuwahi kuona bahari tangu azaliwe. Alipandisha khanga hadi magotini, akaingia, akachota maji kwa kiganja kama anavyochota ziwani, akayatema. Akaniuliza kwa Kisukuma, maji yote haya Mungu kayatia chumvi ya nini.

Bushra alikuwa anamtazama. Akakuuliza kwa Kiingereza huyo bibi ni nani. Nilikuwa nimekaa hatua tatu nyuma yako nikimpaka Rose mafuta, Mayala. Ulimwambia ni mpishi wa nyumbani kwenu aliyekulea, kwamba umemleta asaidie watoto. Ulisema bila kusita, kama mtu anayetaja saa.

Tulipomaliza kula, Bushra akamwonyesha mama kwa kidole rundo la vyombo na bomba lilipo. Mama akainuka. Akaviosha vyote, vya familia mbili, juani, na nilipokwenda kumsaidia akanirudisha. Rose akamuuliza mbona anaosha peke yake. Mama akamjibu, "Wageni wa mwanangu ni wageni wangu." Wewe ulikuwa umeinamia simu yako.

Nilijifariji kwamba hakuelewa yaliyosemwa. Nilijifariji hivyo miezi mitano. Nilisahau kwamba alipika shule ya bweni miaka ishirini na sita, masikio yake yakiwa jirani na chumba cha walimu, na kwamba ni masufuria hayo hayo yaliyokusomesha wewe mpaka ukafika huko uliko.

Ungenyamaza baada ya pale, labda nami ningenyamaza. Lakini mwezi uliopita ulinipigia ukasema Rahim anakuja Mwanza kuona kiwanja cha kando ya ziwa, mjenge hoteli kwa ubia, nawe amekuachia usimamizi wa kazi huko, basi nimpokee mimi. Ulikuwa umemwambia kiwanja ni chako. Kisha ukashusha sauti, ukaniomba wiki hiyo nimpeleke mama Misungwi kwa mjomba, eti akapumzike. Nilikujibu sawa, mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Nilikudanganya, na wala moyo haukunipiga.

Jumamosi ya tarehe kumi Rahim aliingia sebuleni kwetu. Nilikuwa nimekaanga sato wawili wakubwa. Mama nilimvalisha sare yake ya WAWATA, ile ya akina mama wa kanisani, nikamkalisha kwenye kiti cha marehemu baba, katikati. Rahim alimtambua mara moja, akatabasamu, na tulipoanza kula akaniuliza kama mpishi wetu bado hajastaafu.

Maneno ya kumjibu nilikuwa nimeyapanga siku kumi. Sikuyatumia hata moja. Mama alinitangulia, kwa Kiingereza chake cha jikoni, taratibu kabisa: "Ni kweli nimepika sana. Huyo Mayala pia nilimpika mimi, miezi tisa, humu tumboni. Na kiwanja ulichokuja kukiona ni changu."

Kumbe alielewa tangu siku ile ile, Mayala. Aliosha vile vyombo akiwa anajua.

Rahim akarudisha tonge sahanini. Baadaye akainuka, akamwinamia mama, akamwomba radhi kwa ajili ya mkewe. Nilimuuliza kama tutoke tukaone kiwanja. Akasema hapana. Akasema mtu anayeweza kumficha mama yake, yeye hajui atamfichia nini kwenye biashara. Akala kidogo kwa heshima ya mwenye nyumba, kisha akaomba aitiwe gari. Kesho yake asubuhi akapanda ndege, na ndipo simu zako zilipoanza.

Umeniandikia kwenye simu kwamba nimekuharibia maisha. Mimi nimekuharibia hoteli. Aliyekupa maisha yupo hapa uani, anachambua mchele.

Nisikufiche, gari la Rahim lilipotoka getini nilishiba kwa namna ambayo samaki hawashibishi. Mama ndiye hakufurahi. Alivua sare yake, akaikunja, akakaa siku mbili bila kuniongelesha. Siku ya tatu akaniita. "Aibu ilikuwa yangu, Sabina," akasema. "Ungeniomba kabla ya kuitumia." Hapo alinishinda. Nilimpigia magoti, nikamwomba radhi. Wewe sikuombi.

Juzi Ijumaa tulikwenda Nyamagana kwa wakili, mama akaandika wosia. Nilipendekeza kiwanja kiende kwa Rose. Mama akakataa, akasema watoto wako hawajamkosea mtu, kigawanywe sawa kwa wajukuu wote watatu. Ikawa hivyo. Alitia sahihi kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, jina lote. Jina lako wewe halimo. Hilo niliomba mimi, na mama akamwambia wakili aendelee.

Amenituma nikuambie kwamba hana kinyongo nawe, na siku ukija atakupokea. Nimeufikisha ujumbe wake kama alivyousema. Mimi kinyongo ninacho, bado sijachoka kukibeba, na siku nikichoka utakuwa wa kwanza kujua.

Mjomba wa Misungwi anakusalimu, na anauliza kwa nini alitandika kitanda cha mgeni ambaye hakufika. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Wabusu wanangu wote wawili, waambie shangazi yao na bibi yao wanawapenda. Mungu awalinde, na wewe akulinde vilevile, maana mama hakubali nikuruke kwenye sala ya jioni.

Msalimie sana wifi yangu Winnie. Usijisumbue kumficha barua hii. Teodora amebeba bahasha mbili, na ya Winnie itamfikia kabla yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa kuwa sina namna,
Sabina