Jungu la Sabuni na Pipa la Maji

Mama,

Leo nimepika sabuni peke yangu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na imekubali kuganda. Usicheke. Najua ungesema ni mawese mazuri tu, si mkono wangu. Nimekoroga na kafi lile lile la Papa, ulilolitoa kwenye mtumbwi wake ukaligeuza mwiko, na kabla ya kuwasha moto nimejaza pipa la maji. Nimenung'unika njia nzima kutoka mtoni, kama ulivyonizoea. "Jaza pipa kwanza. Jungu iko na moto, wewe uko na ngozi." Mtu mzima nina watoto wangu, na bado nakusikia.

Arobaini yako imepita salama. Nataka nikusimulie mwenyewe, maana Lofemba alikuja, na kaka yangu mkubwa, yaya Assani, alikuwa nyumbani.

Unajua kaka yangu hajasahau ule mwaka wa uasi, na mimi simlaumu. Alikuwa karani wa reli, na siku zile kalamu mfukoni ilitosha waasi wampeleke mtu mtoni asirudi. Alikuwa amejificha chini ya kitanda chako mchana ule walipomjia. Wewe ulikuwa uani unakoroga, mimi natwanga majani ya pondu. Vijana wawili wakaruka ua na mapanga, hata hodi hawakupiga.

"Karani iko wapi?"

"Hapa hakuna karani. Mutoke kwangu." Uliwaambia mara ya pili, taratibu, umesimama mbele ya mlango na kafi mkononi. Mmoja akakusukuma, akainua panga, akashika pazia aingie. Ndipo ukampiga usoni na lile kafi, limejaa sabuni inayochemka. Mama we, ule ukelele! Mwenzake aliruka ua kama alivyokuja, hatukumwona tena.

Nilidhani umemaliza. Kumbe ulikuwa umeshatupa kafi, unamburuta kijana wa watu hadi kwenye pipa, unammwagia maji kopo juu ya kopo, na mimi unanikaripia kwa nini nasimama tu. Wakubwa wao walikuwa wameanza kukimbia mji wiki hiyo, na woga wa majirani ulikuwa umegeuka hasira. Walikuja na michi, na shoka. Yaya Assani akatoka ndani, ameokota panga lililoanguka. Ukachukua tena kafi, ukalichovya junguni mbele ya macho yao, ukasimama juu ya yule kijana.

"Alipokuwa mulangoni alikuwa adui. Sasa iko chini, iko mutoto ya mutu. Mwenye kumugusa, sabuni ingali moto."

Nani angesogea? Wote walikuwa wamesikia ule ukelele.

Jicho moja la yule kijana, Lofemba, lilipona, la pili lilikataa. Ulimficha jikoni, unamwosha vidonda asubuhi na jioni, hata wanajeshi wa serikali walipoingia mjini wakiwatafuta vijana kama yeye. Alipoweza kukaa kwenye mtumbwi, tulimpeleka kwao Yanonge. Uliteremka majini, nguo imelowa hadi magotini, ukamwambia mama yake bila kuzunguka: "Mutoto yako aliingia kwangu na panga. Nilimuunguza mimi. Namurudisha." Yule mama alilia, akampiga mwanawe kofi kwenye shavu zima, halafu akatupa samaki wa kurudi nao. Nilitamani kucheka, nikaogopa.

Njiani nilikuuliza, kama angekufa je? "Ningelia," ukasema. "Na siku ingine mutu akiingia vile, nitapiga tena." Kisha ukaniambia nipige kasia, mkondo unatuchukua.

Yaya hakukubali kamwe. "Umemwosha mutu aliyekuja kunichinja." Alifunga vyuma madirishani, akaweka lile panga nyuma ya mlango, na hata siku za mwisho, ulipokuwa huwezi kuinuka, alikulisha uji huku mnabishana jambo lile lile. Haya, mimi sikuwa chini ya kitanda. Shingo ilikuwa yake. Nilinyamaza kwa sababu niliwaona wote wawili mna haki, na ilinichosha.

Basi, arobaini. Dua imekwisha, tunapakua wali, lango liko wazi, na siku kama ile nani anaomba ruhusa ya kuingia? Watu wanajaa tu. Nikasikia mtu nje ya ua: "Hodi."

Nilijua kabla sijageuka. Alikuwa amesimama upande wa barabara, vidole vya miguu havijagusa kizingiti, kapu la samaki waliokaushwa begani, ngozi ya shavu imevutwa hadi sikioni. "Hodi," akarudia. Yaya akaingia ndani, akatoka na panga.

Niliona arobaini yako inaharibika kwa damu, na kaka yangu anaishia gerezani kwa ajili ya mtu aliyesimama barabarani na samaki. Nilijikuta nimesimama langoni, mwiko wa wali mkononi. Nikamwambia yaya, "Huyu hajaingia. Anaomba."

Yaya akamwangalia juu ya bega langu.

"Hodi umejifunzia wapi?"

"Kwa Mama yenu," Lofemba akajibu.

Yaya hakusema karibu. Sikudanganyi ili ulale vizuri: hakusamehe. Alizunguka nyuma ya jiko, akaanza kupasua kuni kwa lile panga, kuni ambazo hatukuzihitaji, tukamsikia mpaka wageni wanaondoka. Karibu nilisema mimi. Lofemba alinawa kwenye pipa, akasimama kidogo mkono wake uko ukingoni, halafu akala pamoja na wengine. Alikula sana, afadhali. Jioni yaya alifunga makomeo yote kama kawaida yake. Panga aliliacha kwenye gogo, na mpaka leo liko pale, linashika kutu.

Mama yangu, nimezoea sasa kuwa uko mbali, lakini si sana. Kafi nimelisimamisha karibu na mlango. Nina watoto ndani, na akija mtu na panga bila hodi nitampiga, sitajidai mpole kuliko wewe. Lakini nakuahidi, sitawasha moto kabla ya kuteka maji. Siku moja mkono wangu ukimwangusha mtu, nisije nikakimbilia mtoni huku anaungua.

Pumzika, Mama. Pipa limejaa.

Mwanao,
Zaina